Kukagua kama paneli ya umeme ya jengo la zamani inahimili shoti: mwongozo wa hatua kwa hatua

Breka yoyote ina namba mbili za mkondo. Ya kwanza kila fundi anaijua: 20 A, 63 A, 400 A. Huo ndio mzigo ambao breka inaubeba siku nzima bila kukatika. Ya pili imechapwa kwa maandishi madogo, mara nyingi ndani ya kisanduku: 6000 au 10000, na kwenye breka kubwa utaona "Icu 25 kA" (kA 1 ni ampea 1,000). Hii inaeleza breka inaweza kukata shoti ya ukubwa gani bila yenyewe kupasuka. Dukani mteja huuliza ya kwanza tu, muuzaji hampi ya pili, na breka inafungwa. Inafanya kazi vizuri kwa miaka, mpaka siku ya shoti kubwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa fundi mwenye kibali, kwa mhandisi anayetunza jengo, na kwa mwenye jengo anayetaka kujua amuulize fundi wake nini. Hesabu zote ni za umeme wa Uganda: volti 415 kati ya fezi na fezi, 240 kati ya fezi na nyutro, 50 Hz. Alama tunazosoma ni za viwango vya kimataifa vya umeme, IEC. Ukikuta paneli kutoka Marekani yenye maandishi SCCR (uwezo wa kuhimili shoti kwa kipimo cha huko), lengo ni lilelile, ila majaribio yake ni tofauti, kwa hiyo usichanganye majedwali ya pande hizo mbili.

Kwa nini jengo la zamani ndilo lenye shida

Ukubwa wa shoti hauamuliwi na mzigo wa jengo. Unaamuliwa na transfoma inayolilisha pamoja na kebo iliyo kati. Jengo la maduka lililofungwa paneli wakati mtaa una transfoma ya 200 kVA lilikuwa na shoti isiyozidi kA 7 hivi. Miaka ikapita, wapangaji wakaongezeka, friji na viyoyozi vikaingia, transfoma ikazidiwa, ikaletwa ya 500 kVA. Sasa shoti kwenye vituo vya transfoma (sehemu zake za kufungia kebo) inafika kA 17. Ndani ya jengo hakuna aliyegusa skrubu hata moja, na paneli iliyokuwa salama si salama tena. Hakuna taa itakayowaka kukuonya, wala breka haitapata joto. Lazima upige hesabu.

Hatua ya 1: Kabla ya kufungua paneli

Kazi hii ni ya mtu mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme (ERA), na cha daraja linaloruhusu ukubwa huo wa umeme. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kwisha, kwa hiyo nyaraka za zamani za jengo zitakuwa na jina la Umeme. Zitafute hata hivyo, kwa sababu zinaweza kukuonyesha jengo liliunganishwa kwa transfoma ya ukubwa gani. Lakiri za mita usizikate. Ukihitaji umeme ukatwe juu ya mita, omba UEDCL wakate.

Ukishazima breka kuu, kumbuka vituo vyake vya juu bado vina moto. Halafu kuna hatari ambayo hapa kwetu imezoeleka kuliko kwingine: jenereta inayojiwasha. Unapozima umeme wa gridi, mtambo wa kubadilisha unaona umeme umekatika, na baada ya sekunde chache jenereta inaamka na kulisha basiba (pau nene zinazogawa umeme ndani ya paneli) ulizokwisha kuziwekea mkono. Weka swichi ya jenereta kwenye "OFF", ondoa waya wa betri yake, kisha piga kufuli. Inveta ya sola na UPS vivyo hivyo. Kipime kifaa chako cha kupimia mahali unapojua pana umeme, pima basiba, kisha rudi ukipime kifaa tena palepale pa kwanza. Ndipo uguse.

Hatua ya 2: Chora njia ya umeme

Karatasi moja inatosha. Anza na transfoma, shuka kwa kebo hadi paneli kuu, kisha kila kebo inayotoka kwenda DB (paneli ndogo za kugawa umeme) za ghorofa, pampu, lifti, jenereta. Kwa kila kebo andika vitu vitatu: urefu kwa mita, ukubwa kwa mm², na kama ni shaba au alumini. Urefu upime kwa kufuata njia halisi ya kebo, pamoja na kupanda ukutani. Usipime umbali wa macho. Ukubwa usome kwenye gamba la kebo. Ukikadiria kwa jicho, kosea kuelekea kebo nene na fupi, kwa sababu hiyo inakupa shoti kubwa zaidi na kukuweka upande salama.

Hatua ya 3: Soma kibati cha transfoma

Unahitaji kVA, volti za upande wa chini bila mzigo, na asilimia ya impedansi (upinzani wote wa transfoma kwa mkondo), ambayo kibatini huandikwa "Z%" au "Uk". Transfoma ikiwa juu ya nguzo, kibati husomeka kwa darubini au kwa kamera ya simu yenye zuumu nzuri. Usipande. Isiposomeka, waulize UEDCL, na wakati unasubiri tumia thamani za chini za kawaida za IEC: 4% kwa transfoma hadi 630 kVA, na 5% kwa zile za juu ya hapo hadi 1,250 kVA.

Hesabu ya haraka ni hii. Gawa VA kwa (1.732 × 415) upate mkondo kamili wa transfoma, kisha gawa kwa impedansi. Matokeo kwenye vituo vya transfoma ni haya:

100 kVA, 4%: mkondo kamili 139 A, shoti kA 3.5
200 kVA, 4%: 278 A, kA 7.0
315 kVA, 4%: 438 A, kA 11.0
500 kVA, 4%: 696 A, kA 17.4
1,000 kVA, 5%: 1,391 A, kA 27.8

Hapa tumechukulia kwamba upande wa 11 kV au 33 kV hauna ukinzani wowote. Katika hali halisi upo, kwa hiyo namba hizi ziko juu kidogo, na kwa ukaguzi huu ndivyo tunavyotaka. Kama paneli yako, hata breka yake dhaifu kabisa, inazidi namba ya transfoma kwa zaidi ya 10%, na hakuna chanzo kingine kinacholisha pamoja na gridi, kazi ya hesabu imekwisha. Ruka uende hatua ya 6 ukahakikishe maandishi ni ya kweli. Isipozidi, endelea.

Hatua ya 4: Punguza shoti kwa kebo

Kila mita ya kebo inapunguza shoti. Kwa shaba, ukinzani kwa miliomu ni 18.5 × urefu ÷ mm². Kwa alumini weka 29.4 badala ya 18.5. Riaktansi (upinzani unaotokana na sumaku ya mkondo wa AC) ya kebo yenye nyaya zote ndani ya gamba moja ni karibu miliomu 0.08 kwa mita, kwa ukubwa wowote. Ukinzani jumlisha peke yake, riaktansi peke yake, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yao. Volti 239.6 (yaani 415 ÷ 1.732) ugawe kwa jibu hilo.

Tuchukue jengo la ghorofa kadhaa lenye maduka chini, linalolishwa na transfoma ya 315 kVA, 4%, yenye hasara ya shaba (nguvu inayopotea kwenye nyaya zake kwa mzigo kamili) ya kilowati 4. Hasara hiyo ukiigawa kwa mara tatu ya mraba wa mkondo kamili unapata ukinzani wa transfoma, miliomu 6.9; impedansi yake ni 4% ya (415² ÷ VA), miliomu 21.9, kwa hiyo riaktansi ni 20.7. Kebo ya kuingia ni shaba mm² 185, mita 30: ukinzani 3.0, riaktansi 2.4. Jumla hadi paneli kuu ni 9.9 na 23.1, impedansi miliomu 25.2. Shoti kwenye paneli kuu ni kA 9.5.

Kutoka hapo kuna DB mbili. Moja iko dukani chini, upande wa pili wa ukuta, mita 4 tu za shaba mm² 25. Nyingine iko ghorofa ya tatu, mita 40 za shaba mm² 16.

DB ya dukani: ukinzani unaongezeka 2.96, riaktansi 0.32. Shoti kA 8.9.
DB ya ghorofani: ukinzani unaongezeka 46.3, riaktansi 3.2. Shoti kA 3.9.

DB zote mbili zina breka za 6000 zilizonunuliwa siku moja, duka moja. Ya ghorofani iko salama. Ya dukani haiko salama. Watu hudhani hatari iko kwenye paneli kubwa yenye breka nzito, kumbe mara nyingi iko kwenye DB ndogo ya plastiki iliyo karibu na paneli hiyo, ambayo mwenye duka anaifungua na kuifunga kwa mkono kila siku.

Sasa badilisha transfoma iwe ya 500 kVA, 4%, yenye hasara ya kilowati 5.5, bila kugusa kitu kingine. Transfoma inakuwa na ukinzani 3.8 na riaktansi 13.3. Paneli kuu inapanda hadi kA 14.0. DB ya dukani inafika kA 12.8. DB ya ghorofani inapanda kidogo tu, kA 4.3, kwa sababu kebo yake ndefu na nyembamba ndiyo inayoamua. Kwa hiyo transfoma ikibadilishwa, anza ukaguzi na DB zilizo ndani ya mita 10 au 15 za paneli kuu.

Kwenye majibu yote ongeza 10%. Impedansi ya kibatini inaruhusiwa kutofautiana kwa 10% na ya kweli, na volti za gridi hupanda usiku mzigo unapopungua. Kwa transfoma ya 500 kVA basi tunatumia kA 15.4 kwa paneli kuu na kA 14.1 kwa DB ya dukani.

Kipimo cha mkononi cha impedansi je? Kinasaidia ghorofani, lakini karibu na transfoma usikiamini. Vingi husoma hadi omu 0.01. Kikikuonyesha 0.02 kwa fezi na nyutro, shoti ni kA 12. Kikikosea tarakimu moja ya mwisho, thamani ya kweli inaweza kuwa 0.01, yaani kA 24, au 0.03, yaani kA 8. Pale ambapo kinaaminika, shoti ya fezi tatu ichukulie kuwa mara mbili ya ile kilichosoma kati ya fezi na nyutro.

Hatua ya 5: Ongeza vyanzo vingine

Mota inayozunguka hugeuka jenereta kwa muda mfupi pale shoti inapotokea, na husukuma mkondo wa karibu mara 4 hadi 6 ya mkondo wake wa kawaida. Mota moja ya pampu usiihesabu. Lakini kwenye vinu vya mahindi kama vile vya Kisenyi, Kampala, mota nne za kilowati 45, kila moja karibu 80 A, zinaongeza kama kA 1.6. Kanuni iliyopo ni kwamba jumla ya mikondo ya mota ikiwa chini ya 1% ya mkondo wa shoti, iachwe.

Jenereta ihesabu pamoja na gridi ikiwa tu vinaweza kulisha basiba kwa wakati mmoja. Ya 250 kVA yenye riaktansi ya awali ya 12% inaleta kA 2.9, na ukijumlisha na zile 15.4 unapata 18.3. Transfoma mbili zilizounganishwa basiba zao hujumlishwa pia. Sola huongeza kidogo sana, kwa kuwa inveta hujizuia yenyewe.

Hatua ya 6: Soma kila kifaa ndani ya paneli

Paneli ina nguvu ya kifaa chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Breka kuu ya kA 36 haifanyi paneli kuwa ya kA 36. Andika orodha ya kila kitu ambacho mkondo wa shoti unapitia.

Breka ndogo za reli. Namba ndani ya kisanduku, mfano 6000, ni uwezo wa kukata kwa kiwango cha IEC 60898. Kisanduku kidogo chenye 3 chini yake ni daraja la kubana nishati, na 3 ndilo bora zaidi. Nyingine zimeandikwa namba mbili, 6000 na kA 10, ya pili ikiwa ya IEC 60947-2. Palipo na watu wasio mafundi, shika ile ndogo.

Breka kubwa. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kibati kina safu za volti: 230/240, 400/415, 690, na kila moja ina Icu yake. Breka ileile inaweza kuwa kA 25 kwa 240 na kA 16 tu kwa 415. Soma ya 415. Kisha soma Ics, ambayo huenda ikawa 50%, 75% au 100% ya Icu. Icu ni shoti ambayo breka itaikata, lakini baada yake hairuhusiwi kuaminiwa tena. Ics ni ile itakayoikata na kuendelea na kazi. Kwa breka kuu ya jengo tunashauri Ics yenyewe izidi shoti uliyoipata, maana ikifa hiyo jengo zima linalala giza.

Vifaa vya zamani. Kwenye majengo ya tangu kabla ya uhuru na miaka iliyofuata utakuta fyuzi za vibebeo vya kaure zinazofungwa waya. Alama S1, S2 au S4 maana yake ni kA 1, 2 au 4. Breka za zamani za Kiingereza zenye M3, M6 au M9 ni kA 3, 6 na 9. Fyuzi ya waya isiyo na alama yoyote usiifanyie hesabu. Iondoe.

Basiba. Tafuta Icw, yaani shoti ambayo kifaa kinaihimili kwa muda uliotajwa, mfano "25 kA 1s", na Ipk, ambayo ni kilele cha mkondo. Kwa shoti ya kati ya kA 10 na 20, kilele huchukuliwa kuwa mara 2. Shoti ya kA 15.4 ina kilele cha karibu 31. Kwa basiba zilizoachana mm 60, kilele hicho kinasukuma basiba ya kati kwa nguvu ya niutoni 2,700 hivi kwa kila mita, kama uzito wa kilo 280. Nguvu hii inakua kwa mraba wa mkondo: transfoma ya 315 ilipotoa njia kwa ya 500, shoti iliongezeka kwa karibu nusu, nguvu ikazidi mara mbili. Ndiyo maana vishikio vya basiba vilivyopasuka, au paneli ya kujitengenezea yenye vishikio vya mbao au plastiki ya kawaida, ni sababu tosha ya kuikataa paneli nzima. Viwango vya IEC 61439 haviwadai watengenezaji jaribio la shoti kwa paneli isiyozidi kA 10. Kwa hiyo paneli ya karakana isiyo na karatasi ya jaribio, mahali penye zaidi ya hapo na pasipo kinga ya juu ya kubana shoti, haina ushahidi wowote.

Swichi ya kubadilishia gridi na jenereta. Husahaulika kabisa. Haina uwezo wa kukata shoti. Inatakiwa tu kuihimili mpaka breka ya juu ikate. Soma Icw yake, au fyuzi ambayo mtengenezaji ameitaja pamoja nayo. Kontakta, aisoleta na swichi za kuzuia mshtuko wa umeme zisomwe kwa njia hiyohiyo.

Kebo. Shaba ya mm² 25 yenye gamba la PVC inavumilia A²s (mraba wa ampea mara sekunde) milioni 8.3. Kwa kA 14.1 hiyo ni sekunde 0.04, mizunguko miwili tu ya umeme. Breka ya kukata papo hapo inaiwahi. Lakini mtu akiwa amegeuza kitufe cha kuchelewesha shoti kwenye breka ya juu kikasoma sekunde 0.2, kebo itaungua kabla breka haijafikiri.

Halafu, je, maandishi ni ya kweli? Breka bandia zipo sokoni, na mchapishaji hodari huandika 10000 kwa urahisi uleule wa kuandika 3000. Breka isiyo na namba ya kiwango cha IEC, isiyotaja volti karibu na kA, au iliyo nyepesi waziwazi kuliko mwenzake wa jina lilelile, ishuku. Kwa breka kubwa nunua kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji na uombe risiti yenye namba ya kifaa. Hata Nabugabo, eneo la maduka la Kampala, utapata halali na bandia mtaa mmoja.

Jambo dogo kuhusu miinuko: vifaa vya viwango hivi vimekusudiwa hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, haina shida. Kabale, ulio karibu na mita 2,000, angalia karatasi ya mtengenezaji.

Hatua ya 7: Linganisha na uamue

Kwa kila sehemu weka safu mbili, shoti iliyopo na uwezo wa kifaa. Katika mfano wetu wa 500 kVA: breka kuu ya kA 16 inabeba 15.4 kwa shida, na siku jenereta ikisawazishwa na gridi haitoshi. DB ya dukani ya 6000 imeshindwa, na hata breka za 10000 hazitoshi kwa 14.1. DB ya ghorofani iko sawa na haihitaji hata shilingi moja.

Njia za kurekebisha, kwa mpangilio ambao tungezijaribu:

Kwanza, fyuzi za HRC, zile za gamba la kaure lililojazwa mchanga, ziwekwe mwanzoni mwa kebo inayolisha DB dhaifu. Za kiwango cha BS 88 za 415 V hufika kA 80, na hukata kabla shoti haijafika kileleni, kwa hiyo breka iliyo chini yake haioni shoti nzima. Ni bei nafuu na hazihitaji kubomoa DB. Ukubwa wa juu wa fyuzi uchukue kwenye karatasi ya mtengenezaji wa breka.

Pili, breka ya juu inayobana shoti kwa niaba ya zile za chini. Hii inakubalika pale tu ambapo mtengenezaji amechapisha jedwali la jozi hiyo mahususi: modeli hii juu, modeli ile chini, hadi kA kadhaa. Breka ya kampuni moja juu na ya kampuni nyingine chini haina jedwali, na hesabu yako mwenyewe haiwezi kulitengeneza.

Tatu, badilisha breka kwa zenye uwezo mkubwa. Angalia basiba kwanza. Breka za kA 25 juu ya basiba zenye uwezo wa kA 10 ni fedha iliyopotea.

Nne, tenganisha transfoma mbili zilizounganishwa. Kufungua swichi ya kati ya basiba hupunguza shoti nusu kwa nusu siku hiyohiyo, bila kununua kitu.

Tano, paneli mpya. Pale basiba hazina karatasi na vishikio vimechoka, usipoteze muda na nne za kwanza.

Kuongeza ampea za breka si marekebisho. 63 A badala ya 40 A yenye 6000 ileile imebakiza shida na kuongeza ya pili.

Upande wa pili: shoti ndogo kupita kiasi

Umeme wa gridi ukikatika, paneli hiyohiyo inalishwa na jenereta ndogo, na shida inageuka. Jenereta ya 30 kVA ina mkondo kamili wa 42 A. Shoti yake ya mwanzo ni karibu mara 8, yaani 330 A, kisha inashuka haraka hadi mara 3 hivi, 125 A. Breka ya C63 (63 A ya aina C, inayokata papo hapo kwa mara 5 hadi 10) inahitaji hadi 630 A ili ikate papo hapo. Haitazipata. Waya unaendelea kuungua mpaka sehemu ya joto ya breka iamke, na hiyo huchukua sekunde nyingi. Kwa saketi zinazolishwa na jenereta ndogo tumia breka za aina B, ambazo hukata kwa mara 3 hadi 5, na za ampea ndogo kadiri mzigo unavyoruhusu. Ukikagua uwezo wa juu bila kukagua huu wa chini umefanya nusu ya kazi.

Hatua ya 8: Baada ya shoti, na kibandiko mlangoni

Breka iliyokata shoti kubwa isirudishwe kwa mazoea. Jaribio la Icu ni kukata mara moja, kupumzika kwa angalau dakika 3, kisha kufunga na kukata mara ya pili, basi. Anayeirudisha mara tatu ndani ya dakika moja juu ya shoti ileile anaiomba kitu ambacho hakuna maabara iliyowahi kukithibitisha. Tafuta shoti kwanza, iondoe, pima ukinzani wa insulesheni ya kebo kwa mega (kipimo cha insulesheni), kagua breka kama ina masizi kwenye matundu ya kutolea gesi, ndipo urudishe. Ikiwa na masizi, ibadilishe.

Mlangoni mwa paneli bandika karatasi iliyokingwa kwa plastiki yenye: shoti iliyokokotolewa kwa kA, transfoma iliyotumika na impedansi yake, kebo ya kuingia na urefu wake, kifaa dhaifu kuliko vyote na uwezo wake, fyuzi au jozi ya breka ambayo haitakiwi kubadilishwa kwa modeli nyingine, tarehe, na namba ya kibali cha aliyekagua. Mchoro wa hatua ya 2 ubaki ndani ya mlango.

Hesabu irudiwe pale transfoma inapobadilishwa au kuhamishwa, kebo ya kuingia inapofupishwa au kunenepeshwa, jenereta inaposawazishwa na gridi, au mota kubwa zinapoongezwa. Mlinzi na mwenye jengo waambiwe wazi: ukiona winchi imefika kwenye nguzo ya transfoma, mpigie fundi wako siku hiyohiyo, na aje na namba ya kVA ya transfoma mpya.